Ukoo wa Soloveitchik: ni nini kilichoufanya ushawishi wake udumu katika jamii za Kiyahudi?

Mdadisi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma historia ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na karibu kila ninapofika nalikuta jina la Soloveitchik limenitangulia. Limo katika habari za yeshiva ya Volozhin, kile chuo cha Talmudi (mkusanyo wa mijadala ya kale ya sheria za Kiyahudi) kilichosifika kuliko vyote katika karne ya 19. Limo katika habari za Brest-Litovsk, mji ulioko leo Belarusi ambao Wayahudi waliuita Brisk. Kisha linaibuka tena Boston, New York, Chicago na Yerusalemu. Koo za marabi ni nyingi, na miongoni mwa Wahasidi, yaani wafuasi wa vuguvugu la kiroho la Kiyahudi lililoanza karne ya 18, uongozi hurithiwa waziwazi: kiongozi akifariki, mwanawe au mkwewe hukalia kiti chake na wafuasi wakaendelea naye. Ukoo huu haukuwa wa Kihasidi wala haukuwa na kiti cha namna hiyo. Hata hivyo, zaidi ya miaka 100 tangu kifo cha Rabi Chaim Soloveitchik, vijana wanaosoma Talmudi New York na Yerusalemu bado wanajadiliana kwa namna aliyoifundisha yeye.

Linalonitatiza zaidi ni kwamba wanaodai urithi huo wamegawanyika. Wapo wanaoipokea elimu ya chuo kikuu na kuiunga mkono dola ya Israeli, na wapo wanaoikataa dola hiyo kiasi cha kutogusa hata fedha zake, na wote wanamtaja babu yuleyule. Naomba wenye ujuzi wanifafanulie ushawishi huu umesimama juu ya nini hasa: damu, cheo, au jambo jingine? Tena umeyagusa vipi maisha ya jamii yenyewe, yaani masinagogi, shule, misaada kwa maskini na maamuzi ya kisheria, na si vitabu vya wanazuoni peke yake?

Mwanahistoria alijibu:

Ndugu Mdadisi, inafaa tuanzie Volozhin, kwa sababu nyumba hii iliingia katika historia kupitia taasisi kabla jina la Soloveitchik halijawa mashuhuri. Rabi Chaim wa Volozhin (1749–1821), mwanafunzi wa Gaon wa Vilna, mwanazuoni mkuu wa Lituania na mpinzani wa Uhasidi, alianzisha yeshiva yake mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka unaotajwa sana ni 1803. Kabla yake, masomo ya Talmudi katika miji ya Lituania yalitegemea sinagogi la mtaa na rabi wa mji. Kijana alikula leo kwa mwenyeji huyu na kesho kwa mwenyeji yule, na rabi aliyemvuta akihama au akifariki, mara nyingi darasa nalo lilivunjika. Rabi Chaim aliitoa yeshiva mikononi mwa mji mmoja. Alituma wajumbe wakakusanye michango katika jamii za mbali, na wanafunzi wakapewa posho badala ya kuzungushwa nyumba kwa nyumba. Mtu anaweza kuliona hilo kuwa jambo la uendeshaji tu, lakini mimi naamini ndilo lililobadilisha mengi kuliko yote, kwa maana kulipatikana chuo ambacho Wayahudi wa eneo pana walikihesabu kuwa chao, na ambacho tajiri au mkuu wa mji hakuweza kukiamuru. Yeshiva kubwa zilizofuata Lituania, pamoja na zile zilizokuja kujengwa Marekani na Israeli, zimefuata mfano huo.

Akina Soloveitchik wanatokana na Rabi Chaim huyo kupitia binti yake. Yosef Dov Soloveitchik (1820–1892), anayejulikana zaidi kwa jina la vitabu vyake, Beis Halevi, alikuwa kitukuu chake. Alifundisha Volozhin sambamba na Rabi Naftali Zvi Yehuda Berlin, ambaye naye alikuwa ameoa katika nyumba ya mwasisi. Wawili hao hawakuelewana, na mwaka 1865 Yosef Dov akaondoka kwenda kuwa rabi wa Slutsk, kisha baadaye Brisk. Ni jambo la kuzingatia kwamba tofauti hiyo haikuzaa uadui wa vizazi, kwa sababu mwanawe Chaim (1853–1918) alimwoa mjukuu wa Berlin, na kuanzia mwaka 1880 hivi akawa mwalimu katika yeshiva ileile aliyoiacha baba yake. Ndoa za namna hiyo zilikuwa ndiyo njia ya elimu kusafiri, na zitajitokeza tena na tena katika habari hii.

Mwaka 1892 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Serikali ya Urusi iliifunga Volozhin, baada ya mivutano ya muda mrefu kuhusu masomo ya kidunia ambayo serikali iliyataka na pia ugomvi wa ndani juu ya nani atamrithi Berlin. Na Yosef Dov akafariki Brisk. Chaim akahamia huko kushika nafasi ya baba yake, na tangu hapo watu wakamwita Reb Chaim wa Brisk.

Umeuliza kuhusu maskini, na hapo Brisk ndipo pa kupatazama. Waliomfahamu walimsimulia Reb Chaim kwanza kama mtu wa huruma na baadaye kama mwanazuoni. Ghala lake la kuni halikufungwa, ili asiye na kuni wakati wa baridi ajichukulie bila kuomba. Watoto wachanga waliotelekezwa waliachwa mlangoni pake, kwa kuwa ilijulikana kwamba nyumba hiyo haitawafukuza, naye akabeba gharama za malezi yao. Inasimuliwa pia kwamba usiku wa kuamkia Siku ya Upatanisho alikataa ibada ianze mpaka fedha zikusanywe za kumwokoa kijana mwanamapinduzi, ambaye hata dini hakuishika, asinyongwe na serikali. Mjini walikuwapo waliomwona kijana huyo kuwa msaliti wa imani. Rabi wao alihesabu kwamba kuokoa uhai kunatangulia, na hesabu hiyo haikutoka katika huruma peke yake bali katika sheria. Kwa mgonjwa aliyepaswa kufunga siku hiyo pia alikuwa na msimamo uliojulikana: alieleza kwamba halegezi masharti ya mfungo, bali anakaza masharti ya kulinda uhai.

Msomaji wa Talmudi alijibu:

Namshukuru Mwanahistoria kwa msingi alioujenga. Mimi naomba niingie katika darasa lenyewe, kwa sababu naamini jibu la swali la kwanza la Mdadisi limo humo. Ukoo huu ulirithisha namna ya kusoma, na namna ya kusoma haihitaji damu wala cheo ili ihamie kwa mtu mwingine.

Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu, maana bila mfano maneno haya hubaki hewani. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, katika mkusanyo wake mkubwa wa sheria, anazungumzia nia ya moyo katika sala mahali pawili. Katika sura ya 4 ya sheria za sala anasema kwamba sala isiyo na nia si sala, na aliyesali hivyo hana budi kuirudia. Katika sura ya 10 anasema kwamba aliyekuwa na nia katika baraka ya kwanza tu harudii, hata kama moyo wake ulitangatanga katika baraka zilizobaki. Msomaji wa kawaida ataona mgongano. Wengi wangejaribu kuutatua kwa kulainisha maneno ya upande mmoja, au kwa kutafuta nakala ya kale yenye maandishi tofauti.

Reb Chaim hakufanya hivyo. Aliuliza: je, nia inayotajwa hapa na inayotajwa kule ni nia ileile? Akajibu kwamba ni mbili. Moja ni kuyaelewa na kuyakusudia maneno unayoyatamka, na hiyo inatakiwa katika baraka ya kwanza. Nyingine ni kujua kwamba umesimama mbele ya Mungu, na hiyo inatakiwa tangu mwanzo wa sala hadi mwisho, kwa kuwa asiyekuwa nayo hajafanya tendo la sala hata kidogo. Midomo yake imetikisika tu, kama mtu afanyaye jambo bila kujua kwamba analifanya. Mgongano ukaondoka, na msomaji akapata jambo ambalo hakulitafuta, yaani maelezo ya sala ni kitu gani.

Huo ndio uchambuzi wa Brisk: palipo na neno moja, uliza kama kuna sheria mbili zilizojificha ndani yake. Je, amri inamfunga mtu au inakigusa kitu? Talmudi yenyewe ilikwisha kutofautisha hivyo kati ya nadhiri, ambayo hukiharamisha kitu, na kiapo, ambacho humfunga aliyeapa. Reb Chaim aliipanua tofauti hiyo ikawa ufunguo wa milango mingi. Chachu wakati wa Pasaka nayo huulizwa vivyo hivyo: je, Torati inaamuru tendo la kuiondoa, au inaamuru tu kwamba isiwepo katika milki yako? Mtu asiyekuwa na chachu kabisa ametimiza amri, au hakuwahi kuipata nafasi ya kuitimiza?

Sasa ona matokeo yake katika jamii. Zamani umahiri katika Talmudi ulihitaji kumbukumbu kubwa mno na miaka mingi ya kukusanya maandiko. Uchambuzi huu ulimpa kijana mwerevu nafasi ya kushindana kwa hoja na mwalimu wake juu ya ukurasa ulio mbele yao wote wawili. Wanafunzi wa Volozhin walilihisi hilo na wakalibeba kwenda kwenye yeshiva nyingine kabla ya kitabu chochote kuchapishwa. Kitabu cha Reb Chaim mwenyewe juu ya Maimonides kilitolewa na wanawe mwaka 1936, miaka 18 baada ya kifo chake. Kufikia hapo madarasa yalikuwa yamekwisha kuizoea lugha yake. Leo mwanafunzi wa Yerusalemu na wa New Jersey, hata wasipokubaliana katika siasa yoyote, wakikaa mezani na kufungua ukurasa mmoja wataulizana maswali ya aina moja.

Mdadisi aliandika:

Nawashukuru sana, walimu wangu. Mfano wa sala umenifungua macho. Lakini basi naomba mnisaidie kwenye mgawanyiko. Ikiwa babu aliacha namna ya kusoma, ni lini na kwa sababu gani wajukuu walianza kwenda njia tofauti? Na je, mgawanyiko huo ulitokea kabla ya maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya au baada yake?

Mtafiti wa Jamii alijibu:

Ndugu Mdadisi, njia zilianza kutengana kabla ya vita, na vita vikazifanya ziwe mbali kwa bahari pia.

Wana wawili wa Reb Chaim ndio wa kuwafuatilia. Moshe (1879–1941) alikuwa rabi katika miji kadhaa, kisha akafundisha Warsaw katika seminari iliyochanganya masomo ya dini na ya kidunia, na mwaka 1929 akahamia New York kufundisha Talmudi katika seminari ya Rabi Isaac Elchanan, ambayo ndiyo moyo wa chuo kinachojulikana leo kama Yeshiva University. Mdogo wake, Yitzchak Zev (1886–1959), ambaye watu walimwita Reb Velvel, alishika nafasi ya baba yao Brisk na akakaa huko hadi vita vilipozuka. Alifika Yerusalemu mwaka 1941. Mkewe na baadhi ya watoto wao walibaki nyuma, wakauawa pamoja na Wayahudi wa Brisk. Jamii iliyokuwa na marabi mfululizo kwa karne nyingi ilimalizwa mwaka 1942.

Yerusalemu Reb Velvel hakuchukua wadhifa wowote rasmi. Hakuwa rabi wa mji wala mkuu wa baraza, na kundi alilolifundisha lilikuwa dogo. Hata hivyo viongozi wa Wayahudi wa Kiharedi, yaani washika dini wakali zaidi, walikwenda nyumbani kwake kumwuliza neno la mwisho, na alipoikataa dola mpya kwa misingi ya dini, msimamo huo ukawa kipimo ambacho wengine walilazimika kujipima nacho. Yeshiva za Brisk za Yerusalemu, zilizoongozwa na wanawe na sasa wajukuu, hazipokei fedha za serikali ya Israeli hadi leo. Vijana kutoka Marekani husafiri kwenda kusoma huko, na kukubaliwa si rahisi. Mwanawe Meshulam Dovid alipofariki mwaka 2021, maelfu walijitokeza kumzika katikati ya masharti ya korona, jambo lililozua lawama kubwa ndani ya Israeli yenyewe.

Upande wa pili ni Joseph Ber (1903–1993), mwana wa Moshe, ambaye wanafunzi wake humwita tu “the Rav”, yaani Rabi. Alizaliwa Pruzhany, akafundishwa na baba yake kwa miaka mingi akitumia uchambuzi wa Reb Chaim, kisha akaenda Berlin kusoma falsafa na kupata udaktari kwa tasnifu juu ya mwanafalsafa wa Kijerumani Hermann Cohen. Mwaka 1932 alihamia Boston. Mwaka 1935 aligombea kuwa rabi mkuu wa Tel Aviv, hakuchaguliwa. Baba yake alipofariki mwaka 1941 aliichukua nafasi yake New York, na kwa zaidi ya miaka 40 alisafiri kila juma kutoka Boston kwenda kufundisha. Marabi wapatao 2,000 walipata idhini kupitia kwake, na hao ndio waliotawanyika katika masinagogi ya Marekani yote.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako la masinagogi. Katika miaka ya 1950, masinagogi mengi ya Marekani yaliyojiita ya Kiothodoksi, yaani ya Wayahudi wanaoshika sheria za jadi, yalikuwa yameanza kuwakalisha wanaume na wanawake pamoja, na marabi vijana walishindwa kujua wakubali kazi huko au wakatae. Rav alitoa jibu lisilo na mwanya: ni afadhali mtu asali peke yake nyumbani, hata siku ya Mwaka Mpya, hata kama kwa kufanya hivyo ataikosa sauti ya baragumu, kuliko kusali mahali pasipo na kizuizi kati ya wanaume na wanawake. Yeyote anayejua kwamba kuisikia baragumu ndiyo amri kuu ya siku hiyo ataelewa kwa nini jibu hilo lilitikisa watu. Mkondo ulianza kugeuka, na leo sinagogi la Kiothodoksi la Marekani linatambulika kwa kizuizi hicho.

Lakini mtu huyohuyo hakutia sahihi tangazo la mwaka 1956, ambamo wakuu kadhaa wa yeshiva za Marekani walipiga marufuku marabi wa Kiothodoksi kukaa na marabi wa Mageuzi, mkondo uliolegeza sheria za jadi, katika mabaraza ya pamoja. Mwaka 1964, Kanisa Katoliki lilipokuwa likifungua mazungumzo na Wayahudi, aliandika kwamba ushirikiano katika mambo ya jamii na haki unaruhusiwa na hata kuhimizwa, ila imani yenyewe haiwekwi mezani kujadiliwa kama mkataba. Mwongozo huo bado unafuatwa na marabi wengi wa Kiothodoksi. Na kuhusu dola, aliiacha Agudah, chama cha wapinzani wa Uzayuni alimokuwa awali, akajiunga na Mizrachi, chama cha Wazayuni washika dini, na katika hotuba yake ya mwaka 1956 siku ya uhuru wa Israeli alieleza kuanzishwa kwa dola hiyo kama sauti ya Mungu ibishayo mlangoni. Alipoombwa kugombea nafasi ya rabi mkuu wa Israeli baada ya kifo cha Rabi Herzog mwaka 1959, alikataa.

Naomba utazame kwa makini kukataa huko. Amu na mpwa walitofautiana kuhusu dola kwa kiasi ambacho hakingeweza kupatanishwa, lakini hakuna hata mmoja aliyetafuta mamlaka yake katika ofisi ya dola. Wote wawili waliamini kwamba neno la rabi linapata nguvu darasani. Rav alimheshimu amu yake mpaka mwisho, na alipofariki alimwombolezea kwa hotuba ndefu inayosomwa hadi leo.

Msomi wa Sheria alijibu:

Waliotangulia wameeleza vizuri, nami nina mambo mawili ya kuongeza ili picha isiwe ya sifa tupu.

Kwanza, uchambuzi wa Brisk ulipingwa, na waliopinga hawakuwa watu wadogo. Rabi Yaakov David Wilovsky, aliyekuwa rabi wa Slutsk, alilalamika kwamba wametuletea kemia ndani ya Torati, wanavunjavunja kila jambo mpaka haliungani tena. Yechiel Yaakov Weinberg, mmoja wa waamuzi wakubwa wa sheria wa karne ya 20, aliona kwamba mara nyingi maelezo ya Reb Chaim ni ya kweli na ya kupendeza, ila siyo aliyoyakusudia Maimonides. Tena Reb Chaim mwenyewe aliepuka kutoa hukumu za kila siku. Brisk kazi hiyo aliiachia hasa Simcha Zelig Rieger, mwamuzi wa mji. Hilo lina gharama yake. Mtu aliyezoezwa kuona pande mbili katika kila jambo huogopa kuamua, na hofu hiyo humfanya atake kutimiza pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mimi naiona hiyo kuwa mojawapo ya sababu za ukali wa desturi katika tawi la Yerusalemu: palipo na shaka, wao hushika lililo zito.

Pili, tusiwasahau wanafunzi na wakwe. Baruch Ber Leibowitz aliyafundisha maneno ya Reb Chaim katika yeshiva yake, ambayo hatimaye ilikaa Kamenitz, kwa uaminifu uliokuwa karibu na ibada. Isser Zalman Meltzer, mwanafunzi mwingine wa Volozhin, aliongoza yeshiva ya Slutsk na baadaye ya Etz Chaim, Yerusalemu. Mkwewe Aharon Kotler ndiye aliyeanzisha yeshiva ya Lakewood, New Jersey, mwaka 1943, ambayo sasa ina maelfu ya wanafunzi na imeubadilisha mji mzima. Hakuna hata mmoja wa hao aliyeitwa Soloveitchik. Brisk yenyewe iliangamizwa na Volozhin ilifungwa, na bado elimu ikaendelea, kwa sababu aliyerithi shamba anaweza kunyang'anywa, lakini aliyefundishwa kulima hubeba kilimo chake popote atakapotupwa.

Ndugu wa Rav, Ahron Soloveichik (1917–2001), aliihamishia kazi hiyo Chicago. Mkwe mmoja wa Rav, Isadore Twersky, alikuwa profesa wa Harvard na wakati huohuo kiongozi wa Kihasidi kwa urithi wa nyumba yake, mchanganyiko ambao Volozhin ya 1803, iliyotokana na wapinzani wakubwa wa Uhasidi, isingeweza kuuwaza. Mkwe mwingine, Aharon Lichtenstein (1933–2015), alihamia Israeli mwaka 1971 akawa mkuu mwenza wa yeshiva ya Har Etzion, ambako wanafunzi huchanganya masomo na utumishi jeshini. Fikiria basi: uchambuzi uleule unafundishwa Yerusalemu kwa vijana wanaolikataa jeshi, na Har Etzion kwa vijana wanaolitumikia.

Mdadisi aliandika:

Maelezo haya yamenitosheleza kuliko nilivyotarajia. Nina swali moja la mwisho. Katika yote yaliyosemwa, wanawake wametajwa kama mabinti na wake waliounganisha nyumba za wanazuoni. Je, ukoo huu ulichangia lolote katika elimu ya wanawake wenyewe?

Mtafiti wa Jamii alijibu:

Ulichangia, na pengine katika hilo tawi la Boston lilienda mbali zaidi kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1937 Rav na mkewe Tonya walianzisha Boston shule ya Maimonides, ambamo wasichana waliketi na wavulana na kusoma Talmudi pamoja nao. Wakati ule Wayahudi wengi washika dini, hata wale waliowapeleka binti zao shuleni, waliwafundisha Biblia, sala na sheria za nyumbani, ila Talmudi waliiona kuwa ya wanaume. Rav hakuandika utetezi mrefu wa uamuzi huo. Alijenga shule na kuiendesha, akawapeleka humo watoto wake mwenyewe, na binti yake Atarah Twersky baadaye akawa nguzo ya uongozi wake.

Mwaka 1977 alikwenda chuo cha wanawake cha Stern, ambacho ni sehemu ya Yeshiva University, akatoa somo la kwanza la Talmudi katika mpango mpya uliofunguliwa hapo. Kwa waliokuwa na mashaka, ilitosha kwamba ni yeye aliyekaa kwenye kiti cha mwalimu siku ile. Vyuo vya wanawake vya Talmudi vilivyoongezeka baadaye Marekani na Israeli vimekuwa vikiitaja siku hiyo kama ruhusa. Tawi la Yerusalemu halikubaliani na hilo hata kidogo, na huko binti wa nyumba hiyo hufundishwa kama bibi zake walivyofundishwa.

Mjukuu wa Rav, Esti Rosenberg, binti wa Aharon Lichtenstein, aliasisi mwaka 1997 chuo cha wanawake cha Migdal Oz, karibu na Har Etzion. Kaka yake Mosheh ni mmoja wa wakuu wa Har Etzion yenyewe. Wanawake wa Migdal Oz husoma Talmudi wawiliwawili mezani, kwa sauti, wakihojiana kama ilivyokuwa desturi ya Volozhin, na wanapofika kwenye sheria za sala huulizwa nia ya sura ya 4 inatofautianaje na nia ya sura ya 10.